Ua Namba 217

Machi 3

Mkurugenzi ameagiza kila tone linaloingia kwenye paa liandikwe, tarehe na mahali, ili awe na ushahidi wa kuwapelekea wakubwa wake. Basi nimenunua daftari. Tone la kwanza limeingia leo saa nne asubuhi, juu ya kabati la kumi na sita, na la pili halikungoja la kwanza liandikwe. Nimeweka ndoo tatu na sufuria moja niliyoitoa nyumbani. Kwa kuwa matone hayawezi kujaza kurasa mia mbili, nitaandika na mengine.

Kazi yangu ni kutunza mimea mikavu. Watu wakisikia hivyo hudhani nauza dawa za kikohozi. Jumba letu lina makabati sitini na mawili, na ndani yake kuna mimea iliyochumwa, ikakaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: nani aliuchuma, wapi, lini. Niliingia hapa nikiwa msichana wa kuandika lebo. Nimetimiza miaka kumi na tisa, na siku hizi mtu akiokota jani asilolijua huletwa kwenye meza yangu.

Machi 5

Ndoo nne. Sufuria imerudi nyumbani kwa sababu mama aliitafuta.

Machi 9

Mdogo wangu amepita ofisini kuaga. Ni fundi wa idara ya maji, na kila mvua zinapoanza hupanda mlimani kukagua chemchemi zote zinazolisha mabomba ya mji. Huwa wanakwenda wawili, siku nne, wanarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Safari hii mwenzake ana homa, kwa hiyo anakwenda peke yake. Nikamwambia asubiri mwenzake apone. Akasema mabomba yakiziba mji mzima utamtukana yeye, hakuna atakayeitukana homa.

Tuna mchezo wetu, miaka sita sasa. Akikuta ua asilolijua hulipiga picha kwa simu, ananitumia, nami namwambia jina lake. Nikishindwa, pointi ni yake. Tumefika arobaini na moja kwa mbili, na hizo mbili alinipora, picha zilikuwa za gizagiza. Leo ameapa kwamba ya tatu iko njiani. Nikamwambia aende zake, ananijazia harufu ya petroli ofisini.

Amesema mkewe ananisalimu. Nikasema nimezipokea. Mimi na wifi yangu tunasalimiana kupitia watu. Hana ubaya, ila kila kitu kwake ni kuhisi. Anahisi wageni, anahisi mvua, anahisi ugonjwa kabla ya mgonjwa mwenyewe. Mtu anayeshinda na lebo kama mimi huchoka upesi na watu wa namna hiyo.

Machi 11

Picha imeingia saa saba mchana. "Dada, hili je?" Ua moja, rangi ya karoti iliyochemshwa, lenye mkia uliojikunja nyuma kama ndoana. Nyuma yake kuna jiwe jeusi linalotiririka maji, na kidole gumba chake kimeingia pembeni kama kawaida yake.

Sikulitambua. Nilikuwa nimeshika ndoo, na nilijua nikimjibu kwamba sijui atautangazia ukoo mzima. Nimeamua kumnyamazia mpaka kesho, nifungue makabati kwanza.

Machi 12

Mvua kutwa. Ndoo saba. Sikufungua makabati.

Machi 13

Alipaswa kurudi leo. Barabara ya juu imekatika, nadhani amejisitiri mahali.

Machi 14

Wifi amenipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, yeye mwenyewe, bila kupitia mtu. Kabla hajasema neno nilishaketi. Mume wake hapatikani kwenye simu tangu juzi, na pikipiki yake imekutwa getini pa msitu ikiwa imefunikwa turubai, alivyoiacha.

Nikamwambia asihofu. Kisha nikafungua simu yangu nikaiona ile picha, bado haijajibiwa.

Machi 15

Kituo cha askari wa misitu ni vyumba viwili vya bati chini ya mlima. Tulifika mimi, wifi, na bosi wa mdogo wangu kutoka idara ya maji. Mkuu wa askari ni mtu mfupi, mtaratibu, ana sauti ya kubembeleza farasi. Alituchorea nyuma ya kalenda kuukuu.

Mlima una mabega mawili, la mashariki na la magharibi, na katikati yake kuna mto. Njia zinaachana pale pale getini ilipokutwa pikipiki. Chemchemi ziko pande zote mbili, na fomu ya safari aliyoijaza mdogo wangu imesema "mlima mzima", basi. Watu wa simu wameulizwa, wakasema mnara wa mwisho uliopokea simu yake unaona mabega yote mawili. Mto umefurika hauvukiki. Anayetaka kuhama bega moja kwenda jingine lazima ashuke mpaka chini, azunguke, apande tena, na kwa hali ya sasa hiyo ni kazi ya siku mbili. Mkuu ana watu kumi tu. Akiwagawa watano watano, hakuna kundi litakaloweza kumshusha majeruhi kwenye matope yale.

"Kwa hiyo nichague," akasema. "Na nikikosea, siku zinakwenda."

Wifi ndiye aliyejibu wa kwanza. Akasema yuko magharibi. Alipoulizwa anajuaje, akasema ameondoka na buti ndefu, ambazo huzivaa akianzia upande ule tu, na kwamba yeye anahisi yuko huko. Angeishia kwenye buti labda ningemsikiliza. Lakini ile "nahisi" ilinipanda kichwani, mbele ya watu wale, nikaona aibu kwa niaba ya familia.

"Wifi," nikamwambia, "hapa tunatafuta ushahidi, si hisia."

Alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili, na hakusema tena mpaka tulipoondoka.

Nikatoa simu, nikawaonyesha ua. Nikawaeleza kwamba maua ya jamii hii ni ya kuchagua sana, aina moja inaweza kukaa bega moja miaka na miaka isivuke mto. Nikijua ni ua gani, nitajua ni bega gani. Mkuu aliniangalia kama mtu anavyomwangalia daktari. Akanipa mpaka kesho jioni.

Machi 16

Nimeingia kazini kabla ya wafagiaji. Rangi haikunisaidia kitu, kwa sababu ua likikauka huwa kama majani ya chai, liwe lilikuwa jekundu au jeupe. Kwa hiyo nilitafuta mkia, meno ya jani na vinyweleo vya shina, ambavyo havibadiliki. Makabati manne, karatasi zaidi ya mia tatu. Kila niliyoifungua niliiweka kando ya simu, nikavuta picha mpaka ikawa vidonge vya rangi, nikalinganisha.

Saa nane mchana nimelipata. Sampuli namba 217, moja tu kwenye jumba zima, ilichumwa miaka kumi na tisa iliyopita na Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kazi hii. Amestaafu, ila bado huja mara tatu kwa wiki na fimbo yake na lenzi yake, na kiti chake cha dirishani hakikaliwi na mtu. Kwenye bahasha ndogo iliyogundishwa pembeni ya karatasi kulikuwa na ua moja lililodondoka. Nikachemsha maji, nikatia tone la sabuni, nikaliloweka. Baada ya robo saa lilifunguka na ule mkia ukajikunja vile vile, ndoana ile ile.

Na lebo ilikuwa ya mwandiko wangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, herufi bado za shule, zimenyooka kama askari wa gwaride. "Bega la mashariki, kambi ya pili, penye unyevu." Nilifurahi kuiona kama mtu aliyekutana na ndugu.

Mwalimu alikuja saa tisa. Nikampa lenzi yake, karatasi na simu. Alitazama muda mrefu, akarudia jiwe la kwenye picha, akarudia ua. Akasema, "Ndilo lenyewe, binti yangu."

Nikampigia Mkuu. Nikasema mashariki, kambi ya pili. Niliisema kwa sauti ya mtu anayejua, na ofisi nzima ilinyamaza kunisikiliza. Nikamtumia na ile picha ili watu wake wakiona maua kama hayo wajue wamekaribia. Nisijidanganye hapa penye daftari langu mwenyewe: kwa dakika mbili tatu nilisahau ni nani anayetafutwa, nikafikiria tu kwamba nimelitambua ua kwa picha moja yenye kidole gumba.

Machi 17

Wamepanda alfajiri, upande wa mashariki.

Machi 18

Wifi amehamia kwangu na begi moja, kwa sababu kwangu ndiko simu ya Mkuu inakopigwa. Amelala chumba cha mama. Hakuna habari.

Machi 19

Mvua imevunja tawi kubwa uani. Hakuna habari.

Machi 20

Nimekwenda kazini. Nyumbani sina la kufanya ila kutazama simu, na simu inatazamika popote. Nimerudi nimekuta wifi amepiga pasi mashati yote ya mdogo wangu aliyokuja nayo. Ndiyo yaliyojaza begi lake, mashati ya mumewe, nguo zake mwenyewe ni mbili tu. Nilitaka kumuuliza za nini, nikaishia kumwekea maji ya chai.

Mama anauliza wamefika wapi. Nikimjibu, anauliza tena baada ya saa moja, si kwa usahaulifu. Anataka jibu jipya.

Machi 21

Wifi amemwosha mama nywele leo, akazichana taratibu, huku akimweleza jinsi mdogo wangu anavyokoroma. Mama amecheka. Mimi nimekaa na mama nyumba hii miaka mingi, sikumbuki lini nilimchana nywele. Wifi ni mtu wa kukaa kimya na kufanya. Sijui kwa nini miaka yote nilimwona mtu wa maneno.

Hakuna habari.

Machi 22

Mkuu amepiga saa tatu asubuhi. Wamepekua kambi ya pili yote, juu na chini, chemchemi zote tano za upande ule. Hakuna alama ya buti, hakuna tawi lililokatwa. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Na hilo ua lako, mama, hatujaliona hata moja. Watu wangu wengine wamezaliwa chini ya bega hili, wanasema hawalijui."

Nikamwambia huenda mvua zimeyaangusha. Nikakata simu.

Nikafungua tena namba 217. Nikatoa na jirani zake, 211 mpaka 224, zote za tarehe ile ile, zote "bega la mashariki, kambi ya pili", zote kwa mwandiko wangu. Ya 220 ni jani la majabali ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua halioti popote ila magharibi. Limekaa kabatini miaka kumi na tisa na lebo ya mashariki, na hakuna aliyeshtuka. Hata mimi nimelipita mara ngapi.

Madaftari ya safari za Mwalimu yako stoo, ndani ya sanduku la bati. Nimeyapekua nimepiga magoti kwenye maji, kwa sababu na stoo nako kunavuja. Penseli imefifia lakini inasomeka. "Tumevuka mto kwa kamba alfajiri. Kutwa bega la magharibi. Tumerudi kambini saa kumi na mbili jioni. Namba 211 hadi 224."

Hapo nikakumbuka. Wiki yangu ya tatu kazini. Mwalimu amerudi kutoka mlimani na sampuli mia mbili, na mimi nimekaa na rundo la lebo tupu. Nilimuuliza kama niandike mahali halisi pa kila mmea kutoka kwenye daftari. Akasema penseli inasumbua macho, tutafika mwakani. Andika kambi waliyolala, inatosha, wote hufanya hivyo. Nikaandika kambi. Mara mia mbili niliandika kambi. Nilimaliza siku mbili kabla ya muda, nikasifiwa mbele ya wenzangu, na sifa ile ndiyo iliyonipa ajira ya kudumu.

Niliuliza. Kwa hiyo nilijua. Kisha nikasahau, na kusahau kwangu nikakuita ushahidi, nikamnyamazisha nao mwanamke aliyejua buti za mumewe.

Nimempigia Mkuu nikiwa hapo hapo sakafuni. Nikamwambia ni magharibi, nimekosea. Akasema, "Sawa. Tunashuka."

Machi 23

Bado wanashuka. Watazunguka leo, watapanda kesho, wataanza kutafuta keshokutwa.

Nimemwambia wifi kwamba wamehamia magharibi. Hakuuliza kwa nini. Alifumba macho, akashusha pumzi, akasema, "Afadhali." Sikumweleza zaidi. Nilijiambia nisimwongezee mzigo, lakini ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Mwalimu amekuja leo. Nilivuta kiti nikaketi mbele yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwekea daftari lake mapajani, ukurasa ukiwa wazi.

"Mwalimu, ulipolitazama ua lile wiki iliyopita, ulikumbuka kwamba mlivuka mto?"

Alipangusa lenzi kwa shati, muda mrefu kuliko lenzi inavyohitaji. "Nilikumbuka jiwe. Jeusi, lenye maji. Nikasema labda uzee unanichanganyia."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza ua, binti yangu. Hukuniuliza mahali."

Kitabu chake cha mimea ya mlima kimetoka kwenye lebo zile zile. Kinafundishiwa. Nilijua hilo wakati anasema, na yeye alijua kwamba najua. Niliinuka nikarudisha kiti. Nimemheshimu mtu huyu kuliko nilivyomheshimu baba yangu, na leo nimemwona mzee mmoja anayelinda kitabu. Nikitaka kumlaani, nakutana na mwandiko wangu.

Machi 24

Wanapanda. Mvua.

Machi 25

Wameanza kutafuta. Mvua. Mama hajauliza kitu leo, na hiyo ni mbaya zaidi.

Machi 26

Wameona alama ya buti kwenye udongo chini ya jabali, mvua haikuifikia. Buti ndefu, kisigino kipana. Wifi alipoambiwa alikwenda kufua.

Machi 27

Mkuu amekuja nyumbani mwenyewe saa tisa alasiri. Tulimwona kupitia dirisha akivua kofia kabla hajafika mlangoni. Wifi alikuwa anapiga pasi. Alichomoa waya kwanza, akaisimamisha pasi, akakunja shati alilokuwa nalo mkononi, ndipo akakaa chini.

Wamemkuta asubuhi. Alikuwa chini ya jiwe lililojitokeza, hatua kama mia tatu kutoka chemchemi ya pili ya magharibi. Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Alikuwa ameufunga mwenyewe na kipande cha bomba na shati alilolichana. Maji alikuwa nayo. Pakiti za biskuti zilikuwa mbili, tupu, amezikunja vizuri akaziweka chini ya kokoto zisipeperuke. Mkuu alisema maua yale yamejaa jiwe zima, watu wake waliyaona kutoka mbali.

Sikulia. Wifi ndiye aliyenishika mimi.

Machi 28

Hospitalini daktari aliwaambia ndugu kwamba marehemu hakuteseka sana. Nilimfuata kwenye korido, nikamuuliza kama mtu wa kazi anavyomuuliza mtu wa kazi. Akaacha kunibembeleza. Akasema alipopatikana alikuwa amekufa zaidi ya siku tatu, nne kamili hazijafika. Baridi, njaa, na homa ya mguu.

Hesabu hii haina ugumu, na bado nimeirudia kwenye benchi la korido mpaka mhudumu akaniuliza kama naumwa. Alikufa tarehe ishirini na tatu au usiku wa kuamkia ishirini na nne. Upande wa magharibi walimkuta siku ya tatu ya kutafuta. Kama tarehe kumi na saba wangepanda magharibi, wangemkuta tarehe ishirini, hata kama wangechelewa. Wangemkuta ana njaa na hasira. Angeniambia pointi ya tatu ni yake.

Machi 30

Tumemzika. Mvua ilisimama saa mbili, ikarudi.

Aprili 3

Barua imekuja kutoka idara ya maji. Wanaishukuru familia, na kwa namna ya pekee wanamshukuru dada wa marehemu, "ambaye kwa utaalamu wake aliwezesha marehemu kupatikana". Bosi wake ameisoma kwa sauti sebuleni, mbele ya majirani. Shangazi mmoja akasema, kumbe haya majani yako yana maana. Watu wakaniangalia kwa upole. Jirani akanishika bega.

Mkuu alikuwepo. Alitazama vidole vyake. Ripoti yake imeandika kwamba msako ulianza mashariki na kuendelea magharibi, basi, kama watu waliokuwa wanafuata utaratibu. Amenifichia aibu bila kuombwa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Watu wote walikuwa wakinisubiri. Nikasema asanteni.

Aprili 8

Nimerudi kazini. Ndoo tano. Nimetoa sampuli zote mia mbili za safari ile, nimeweka daftari la Mwalimu pembeni, nasahihisha lebo moja moja. Nyingi za mashariki ni za mashariki kweli. Hamsini na tatu si za huko.

Mkurugenzi amekuja kusimama nyuma yangu. Akasema pole nyingi, akasema nipumzike, kisha akafika alikokuwa anakwenda: nikianza kufuta lebo, ni nani atakayeamini makabati mengine sitini na moja? Nikamjibu kwamba swali lake ni zuri sana na wasiyaamini. Ameondoka bila kukasirika. Nadhani anangoja nichoke.

Mwalimu hajaja tangu siku ile. Wanasema anaumwa magoti. Sijaweza kumchukia, na ningeweza ingekuwa nafuu.

Aprili 11

Mama amemwita wifi "mwanangu", bila kufikiri. Mimi huniita kwa jina la kazi yangu, kwa utani, tangu nilipoajiriwa. Mtaalamu, niletee maji. Leo alipoita hivyo nilitoka nje.

Aprili 15

Wifi anarudi kwake kesho. Amesema nyumba ikikaa imefungwa mvua zote itaota ukungu. Nimemkuta chumbani kwa mama, amekaa sakafuni, anarudisha mashati kwenye begi. Mama alikuwa sebuleni na redio yake.

Nikafunga mlango nikakaa sakafuni mbele yake. Nikamweleza yote. Wiki ya tatu kazini, kambi, mara mia mbili. Daftari la penseli. Lile jibu la Mwalimu la ua na mahali. Nikamwambia kwamba siku ile kituoni yeye alikuwa na ushahidi na mimi nilikuwa na kiburi. Nikamwambia ile barua ya idara ya maji ni uongo, na kwamba nimeiacha isomwe. Sikulia, kwa sababu niliona nikilia atalazimika kunibembeleza, na ameshafanya hivyo mara moja.

Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya shati la bluu. Nilipomaliza alilikunja, akaliweka begini. Kisha akauliza, "Daktari alisema alikufa lini?"

Nikamwambia tarehe.

"Kwa hiyo tarehe kumi na saba, wale askari walipoanza kupanda, alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Kumi na nane?"

"Hai."

"Kumi na tisa?"

"Hai, wifi."

Nilidhani ataishia hapo. Hakuishia. Alizitaja zote, moja baada ya nyingine, bila kupandisha sauti, na kila moja aliisubiri mpaka nilipoijibu. Ishirini, siku niliyokwenda kazini. Ishirini na moja, siku aliyomwosha mama nywele. Ishirini na mbili. Tulipofika ishirini na tatu nilimwambia sijui, daktari mwenyewe hakuweza kusema.

"Basi hiyo tuiache," akasema.

Akafunga zipu ya begi. Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, nikamshika, akasimama. Hakuuachia mkono wangu. Akasema twende sasa hivi tukamwambie mama, nimwambie kama nilivyomwambia yeye, na nisiruke siku hata moja, kwa sababu mama naye atataka kuhesabu.